Springi ya shokapu haitoki: dalili, sababu na pale pa kuacha

Maswali ninayoulizwa kuhusu kutoa springi za gari nyumbani ni yale yale kila mwezi, ila kila muulizaji anakuja nayo kwa sura yake. "Nati inazunguka na rodi." "Bolti za chini zimegoma." "Nimebana, springi imepinda kama ndizi." Nimeyapanga kwa dalili. Mfano wangu ni gari dogo ambalo mbele springi imeizunguka shokapu (wengine shokomzoba), kama Toyota IST, Vitz au Corolla. Hizo ndizo zimejaa mitaani kwetu, na ndizo watu wanathubutu kuzifungua wenyewe uani.

Kwanza ujue unacheza na nini. Springi ya gari dogo ukiibana sentimita 10 kutoka urefu wake wa kawaida inasukuma kama uzito wa kilo 200 hadi 250. Nguvu iliyofungwa humo inalingana na mfuko wa saruji wa kilo 50 ukiachiwa kutoka sentimita 20 au 25 juu ya mguu wako. Tofauti ni kwamba mfuko unajulikana utaangukia wapi.

Mzee aliyenifundisha ufundi alikuwa na swali moja tu. Kabla mtu hajagusa nati ya katikati, ile iliyo kichwani mwa rodi (fimbo inayong'aa ya shokapu) inayoizuia springi isiruke, anauliza kwa sauti: "Inacheza?" Maana yake springi iliyobanwa sawasawa inalegea kati ya sahani ya juu na ya chini (vikalio vyake), unaizungusha kwa mkono kama bangili. Kama haichezi, nati haiguswi, hata mwenye gari awe amesimama pembeni anaangalia saa.

Gari linagonga mbele, lakini sina hakika kama ni springi

Mara nyingi si springi. Anza na linki za stabilaiza, vile vifimbo vyembamba vyenye vikombe vya mpira kila upande. Inua gari, shika linki, itikise. Ikipiga kelele mkononi mwako, umemaliza kazi kwa spana mbili na springi haikuhusu.

Zikiwa nzima, shuku maunti ya juu (kile kinachoishika shokapu kwenye bodi) na beringi yake. Mwambie mtu azungushe usukani taratibu gari likiwa chini, wewe weka kiganja juu ya maunti. Beringi iliyokufa unaisikia: springi inajikusanya, kisha inaachia kwa kishindo, "dung!" Baada ya hapo ndipo uangalie shokapu yenyewe kama inavuja mafuta au gari linaendelea kunesa baada ya tuta. Springi iliyovunjika ni ya mwisho kwenye orodha. Washa tochi uangalie mzunguko wa chini kabisa, pale mchanga na maji hukaa, kwa sababu huko ndiko hukatika. Ukiikuta imekatika, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya springi iliyovunjika hapa chini. Usianze kufungua.

Ninaokuta wanakosea kuliko wote ni wenye Hiace. Wanatafuta springi ya mbele hawaioni, wanadhani iliibiwa Japani. Hiace nyingi tulizonazo mbele hazina springi ya kuzunguka. Zina fimbo ndefu ya chuma inayosokotwa, na hiyo ni somo jingine.

Gari liko juu, lakini linayumba ninapovuta spana

Sababu kubwa ni kutegemea jeki peke yake. Inayofuata ni mchanga: uwanja wa nyumba nyingi za Pwani hauwezi kubeba mguu mdogo wa jeki, unazama upande mmoja na gari linainama. Weka ubao mnene chini ya jeki na chini ya kila stendi. Zuia matairi ya nyuma kwa mawe, mbele na nyuma yake. Legeza nati za tairi kabla ya kuinua. Ukishaweka stendi mbili chini ya sehemu imara za bodi, sukuma gari kwa bega. Likicheza, lishushe uanze upya. Matofali ya saruji yenye matundu si stendi, yanapasuka bila kuaga.

Bolti mbili za chini ya shokapu hazitoki

Hizi ndizo zinazofunga shokapu kwenye nako, kile chuma kinachobeba habu ya tairi. Mara nyingi ni kutu tu. Sugua nyuzi zinazoonekana kwa brashi ya waya, puliza mafuta ya kulegeza kutu, uende ukanywe chai. Rudia. Gari lililoishi karibu na bahari lipe usiku mzima.

Sababu ya pili ni kuzungusha upande usiofaa. Kwenye gari nyingi kichwa cha bolti kina meno yaliyojikita kwenye chuma, kwa hiyo unashika bolti na kuzungusha nati, si kinyume chake. Ya tatu ni uzito wa nako uliokalia bolti. Nati imetoka, ila bolti haisogei. Weka jeki ndogo chini ya mkono wa chini (chuma kinachoishika nako kwa chini), inua kidogo kidogo huku ukiitikisa bolti, na utaona inapita yenyewe. Ukiamua kugonga, rudisha nati kwanza ifunike ncha ya bolti, usije ukaiharibu ncha ukajinunulia kazi nyingine.

Mambo matatu ya kufanya kabla hazijatoka, maana watu wanayakumbuka baadaye. Chora mstari kwa rangi kwenye nako na shokapu ili urudishe pembe ile ile. Fungua kishikio cha mpira wa breki na waya wa ABS (breki zinazozuia tairi zisigande) kutoka kwenye shokapu. Na nako ikishaachia, ifunge kwa waya kwenye bodi. Ukiiacha ianguke nje, mpira wa breki unavutika, na draivu shafti (chuma kinachozungusha tairi) inaweza kuchomoka kwa ndani kwenye jointi yake.

Moto wa gesi usiupeleke hapo. Ndani ya shokapu kuna mafuta, na nyingi zina gesi yenye mgandamizo. Kama bolti inahitaji moto, inahitaji gereji.

Nimeona nati nne juu ya shokapu, nifungue ipi?

Nimeiweka peke yake kwa sababu imeumiza watu. Zile ndogo zilizo pembeni, kwa kawaida tatu, zinashika maunti kwenye bodi, nazo ndizo za kufungua ili shokapu itoke nzima. Ile ya katikati ndiyo inayoizuia springi isiruke. Haifunguliwi hadi shokapu iwe chini, imebanwa, na inacheza. Kwenye baadhi ya gari nati hizo zimejificha chini ya plastiki ya waipa, kwa hiyo anza kwa kuitoa hiyo plastiki. Unapofungua ndogo ya mwisho, mtu aishike shokapu kwa chini, la sivyo inadondoka.

Kuna mafundi wanaoilegeza nati ya katikati gari likiwa bado limekaa kwenye matairi, robo mzunguko tu, ili isisumbue baadaye. Wanajua wanachofanya, nami pia nimefanya. Wewe wa nyumbani usifanye. Robo inageuka nusu, nusu inageuka mzunguko.

Kibana kinateleza, au springi inapinda

Hapa ndipo pa kukaa.

Vibana vya kawaida ni viwili, kila kimoja ni skurubu ndefu yenye kulabu juu na chini. Sababu ya kwanza ya kupinda ni kuvipanga vibaya. Vinatakiwa vitazamane, kimoja mashariki kingine magharibi. Vikisogeleana hata kidogo upande mmoja, springi inajikunja kuelekea upande usio na kibana. Ya pili ni kukaza kimoja hadi mwisho halafu kingine. Kaza mizunguko miwili mitatu hapa, hamia kule, rudi. Ya tatu ni kushika mizunguko michache ya springi. Kulabu ya juu ishike juu kabisa unapoweza, ya chini vivyo hivyo. Ukishika mizunguko miwili tu ya katikati, utabana hadi mizunguko hiyo igusane, na bado sahani zitakuwa zinasukumwa. Ya nne ni grisi na matope: springi ichafuliwe na mafuta ya shokapu inayovuja, kulabu inatelezea kufuata mzunguko kama mtoto kwenye bembea ya kuteleza. Ioshe, ikaushe, ndipo ubane. Nyuzi za skurubu ndizo zipakwe grisi, si kulabu.

Nakumbuka ya kwangu. Shokapu ya Corolla, imelazwa kwenye gunia, mimi nimepiga magoti nakaza kibana cha kushoto. Nikasikia "tii," sauti ndogo kama ya kijiko kwenye kikombe. Kulabu ya juu ilikuwa imesogea upana wa kidole gumba, na springi ikaanza kuvimba upande wangu, taratibu, rangi inapasuka vipande vipande. Nikabaki nimeshika racheti. Mzee hakupiga kelele. Akasema, "Mdogo wangu, toka mbele yake kwanza. Racheti iache." Nikatoka kwa pembeni. Akaja kwa ubavuni, akalegeza kibana cha kulia, kile kilichokuwa kimebeba zaidi, nusu mzunguko kwa nusu mzunguko, kisha cha kushoto, hadi springi ikakaa yenyewe kwenye sahani zake. Nati ya katikati ilikuwa bado haijaguswa, ndiyo maana tulikuwa na pa kurudi.

Hicho ndicho cha kufanya nawe ukiona kulabu inasogea: usiongeze, usigonge, rudi nyuma. Usikae usawa wa ncha yoyote ya shokapu, ya juu wala ya chini, wala usiielekeze kwenye mlango ambao mtoto anaweza kutokea.

Vibana vyenyewe vikague kabla. Kulabu iwe na pini ya usalama inayofunga mzunguko wa springi ndani yake. Skurubu isiwe imepinda. Nimeona vibana vya mtaani vilivyochomelewa kwa nondo, na nimeona weldingi hiyo ikiachia. Kamba ya manila, mkanda wa gari na mnyororo wa mbwa havibani springi. Vinaificha tu nguvu yake hadi vikatike.

Nimebana vya kutosha, lakini haichezi

Kwanza angalia kama kweli umebana vya kutosha. Wengi wanaacha mapema kwa uoga. Tazama sahani ya juu: kama bado springi inaigusa kwa nguvu pande zote, endelea kidogo kidogo. Pili, upande mmoja umelegea na mwingine umekaza, yaani umebana bila kusawazisha. Rudi ulinganishe vibana kwa kuhesabu nyuzi zilizobaki. Tatu, mpira wa juu umeganda kwenye springi kwa uchakavu. Hapo springi imelegea ila imegandia, na ukiizungusha kwa mikono miwili inaachia.

Kama mizunguko imeanza kugusana na bado haichezi, simama. Ama umeshika sehemu fupi mno, ama springi si ya kibana hicho. Legeza yote, panga upya mara moja. Ikikataa tena, funga shokapu kwenye gunia upeleke gereji yenye mashine ya kubania ya ukutani au ya kusimama. Kutoa shokapu nzima nyumbani na kupeleka springi ikabanwe kwingine si aibu, na kwa mtu asiye na vibana vizuri ndio mpango ninaompa tangu mwanzo.

Kwa Prado, Land Cruiser, Hilux na wenzao, usijaribu hata mara hiyo ya kwanza kwa vibana vya kulabu vya duka la pembeni. Waya wa springi zao ni mnene na nguvu yake si ya familia moja na IST.

Skurubu ya kibana ni ngumu kuzunguka

Nyuzi kavu. Paka grisi. Zikiwa zimeliwa, kitupe. Watu wenye mashine ya hewa au ya umeme ya kufungulia nati hupenda kuitumia hapa kwa kuharakisha. Mapigo yake yanakula nyuzi na kuzipasha moto, na kibana kinakatika kikiwa kimebeba mzigo wote. Racheti ya mkono, basi.

Nati ya katikati inazunguka pamoja na rodi

Springi inacheza? Sawa, sasa tunaweza kuzungumza.

Rodi nyingi zina tundu la pembe sita kichwani au zimechongwa pande mbili. Unashika rodi kwa alenki, unazungusha nati kwa ringi spana iliyopinda shingo. Ikishindikana, mara nyingi ni uchafu ndani ya tundu. Chokonoa kwa msumari, ingiza alenki mpya isiyoliwa kona, igonge kidogo ikae. Tundu likiwa limeshaliwa, hapo ndipo mashine ya hewa inafaa, kwa vipigo vifupi, springi ikiwa imebanwa na inacheza.

Usishike rodi inayong'aa kwa koleo wala praizi ya bomba. Mkwaruzo mmoja unachana sili (mpira unaozuia mafuta), na shokapu nzima inaanza kulia mafuta baada ya wiki. Kama shokapu ni ya kutupwa hilo halina neno, lakini wengi huamua ni ya kutupwa baada ya kuikwaruza. Nati yenyewe inunuliwe mpya, ni ya kujifunga, na ya zamani haishiki tena kama mwanzo.

Grenda kwenye nati hiyo, hapana. Cheche zinaingia kwenye springi iliyobanwa na kwenye mpira, na mkono wako uko juu ya kila kitu.

Springi imevunjika ikiwa ndani ya shokapu

Acha. Kipande kilichokatika hakikai wima. Kulabu haina pa kushika sawasawa, na kipande kinaweza kuruka ukiwa unakaza. Gari lenyewe usiliendeshe hadi gereji ukiona ncha iliyokatika imeelekea kwenye tairi, maana inaweza kulichana tairi mwendoni. Liite gari la kuvuta, au fundi aje na vifaa vyake.

Springi ya nyuma haitoki

IST na Vitz za kuendeshwa na tairi za mbele zina springi ya nyuma iliyo mbali na shokapu, imekaa juu ya ekseli ya kipande kimoja. Hii haihitaji kibana, ndiyo maana naisifu kwa anayeanza. Bodi inakaa kwenye stendi, jeki inabeba ekseli, unafungua bolti za chini za shokapu, unashusha jeki pole pole, springi inalegea na kutoka kwa mkono.

Isipotoka, umeacha shokapu ya upande wa pili imefungwa. Hilo ni karibu kila mara. Au mpira wa breki na kebo ya hendibreki vimevutika na kuzuia ekseli. Tazama kabla ya kushusha zaidi, fungua vishikio vyake. Usikanyage ekseli kwa mguu ukiwa umeondoa jeki, wala usiingize mtaimbo kuchokonoa springi ambayo bado ina nguvu. Springi ikitoka, kariri mpira wake wa juu na wa chini ulikuwa umekaaje.

Nimerudisha, sasa kuna sauti mpya au gari limekaa vibaya

"Tang" moja unapoanza kukata kona: ncha ya springi haikukaa kwenye kidaraja cha sahani ya chini. Kuna mahali ncha inapotakiwa kuegemea, na ukilegeza vibana bila kuiangalia inakaa popote. Inabidi urudi kwenye vibana, hakuna njia ya mkato. Beringi ya maunti iliyowekwa kichwa chini inafanya usukani uwe mzito na usirudi wenyewe.

Upande mmoja juu, mwingine chini: umebadilisha springi moja tu. Zinabadilishwa jozi. Au umechanganya za kulia na kushoto, kwani kwenye baadhi ya gari hazifanani. Linganisha alama za rangi zilizopakwa kwenye springi zenyewe. Gari zima kukaa juu kidogo ni kawaida kwa springi mpya, isipokuwa kama ulikaza bolti za bushi (mipira ya viungo) tairi zikining'inia. Zilegeze, shusha gari, lisukume mara kadhaa, ukaze likiwa limesimama kwa miguu yake.

Gari linavuta upande au usukani umekaa kando: mstari wa rangi haukukutana. Hata ukikutana, peleka gari likapigwe alaimenti (kunyooshwa tairi). Nati za tairi za Toyota hizi ndogo hukazwa 103 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza), na baada ya kilomita 50 hivi uzipitie tena.

Pedali ya breki ikizama ghafla baada ya kazi, hapo hatuzungumzii springi tena. Mpira wa breki ulivutika au bomba limepasuka. Gari lisitoke getini.